Utu wa Asili na Utu wa Mwenendo: Uhakiki wa Maana za Istilahi ya "Utu" katika Falsafa, Sheria, Fasihi na Sera

Ikisiri

Istilahi ya utu hutumiwa leo katika taaluma nyingi za Afrika Mashariki na Kati kana kwamba maana yake ni moja na imekwisha kukubaliwa. Makala hii inadai kwamba sivyo. Kwa kuihakiki istilahi hii katika falsafa, sheria, fasihi na sera, tunaonesha kwamba neno hili limebeba dhana mbili zinazoweza kupingana: utu wa asili, ambao kila mtu anao kwa kuwa ni mtu, na utu wa mwenendo, ambao mtu huufikia au huukosa kwa matendo yake. Tunahitimisha kwamba pale ambapo haki ya mtu inaamuliwa, dhana ya kwanza lazima itangulie ya pili, na kwamba watunga sera na wafasiri wanapaswa kuzitenganisha kwa uwazi.

1.0 Utangulizi

Tuanze na sentensi mbili ambazo msemaji yeyote wa Kiswahili angezitamka bila kusita: "Kila mtu ana utu wake" na "Yule hana utu." Sentensi ya kwanza husikika katika hotuba, semina za haki na mimbari. Ya pili husikika sokoni, kwenye daladala, na katika maneno ya mama aliyeibiwa akiba ya mwaka mzima. Msemaji mmoja anaweza kuzisema zote mbili siku hiyo hiyo na asihisi kwamba amejipinga. Lakini kimantiki, ikiwa utu katika sentensi zote mbili ni kitu kimoja, moja kati yake lazima iwe ya uongo. Kama kila mtu ana utu, yule naye anao.

Njia ya mkato ya kulitatua tatizo hili ni kusema kwamba neno lina maana mbili, kama maneno mengine mengi, na muktadha hutosha kuzitenganisha. Kamusi zetu hufanya hivyo: huorodhesha hali ya kuwa mtu, kisha tabia njema, na kuendelea na neno linalofuata. Lakini paa mnyama na paa la nyumba hawagombani. Maana mbili za utu zinagombana, kwa sababu zote mbili zinajibu swali moja: ni nini kinachomfanya mtu astahili kutendewa kama mtu? Maana ya kwanza inajibu kwamba ni kule kuwa mtu tu. Ya pili inajibu kwamba ni namna anavyoishi na wenzake. Anayetumia neno hili katika hukumu, mtaala au waraka wa sera bila kusema anakusudia jibu lipi, ameacha mlango wazi, na wanaopita mlango huo si wageni wema daima.

Haja ya kulijadili jambo hili imeongezeka. Mwezi Februari 2022 Umoja wa Afrika uliidhinisha Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi, na mwaka huo huo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nyaraka zinazohusu haki za watu kutoka Lubumbashi hadi Lamu zitahitaji Kiswahili kilicho sahihi, na katika nyaraka hizo utu ni miongoni mwa maneno ya kwanza kuhitajika.

2.0 Utu katika falsafa: kutoka mzizi hadi hoja

Historia ya kiakademia ya mzizi -ntu inapitia jirani yetu wa magharibi. Mwaka 1945 kitabu cha Placide Tempels, mmisionari Mbelgiji aliyeishi miongoni mwa Waluba wa Katanga, kilitolewa kwa Kifaransa huko Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Tempels alidai kwamba fikra za Wabantu zimejengwa juu ya nguvu-hai, na kwamba muntu ni nguvu miongoni mwa nguvu nyingine. Miaka kumi na mmoja baadaye, mwaka 1956, padri na mwanazuoni wa Rwanda, Alexis Kagame, alijaribu kuiweka hoja hiyo katika msingi wa lugha. Alionesha kwamba katika Kinyarwanda kila kilichopo huingia katika makundi manne yenye mzizi mmoja: umuntu, kiumbe mwenye akili; ikintu, kitu kisicho na akili; ahantu, mahali na wakati; na ukuntu, namna ya kuwa.

Mpango wa Kagame unavutia kwa unadhifu wake. Hata hivyo, Kiswahili kinauweka katika mtihani mgumu. Tunao mtu na tunacho kitu. Lakini neno letu la kawaida la kutaja mahali ni mahali, lenye asili ya Kiarabu, na la kutaja namna ni namna au jinsi, ambayo nayo yalikuja na upepo wa Bahari ya Hindi. Ikiwa falsafa ya watu imeandikwa katika mizizi ya maneno yao, itabidi tuseme kwamba Waswahili walipoteza nusu ya falsafa yao siku walipoanza kufanya biashara na wageni. Hakuna anayeweza kuitetea hoja hiyo kwa uzito. Kinachofuata ni kwamba mzizi wa neno hauthibitishi fikra, na uhusiano wa kisauti kati ya mtu na utu hautuambii bado utu ni nini.

Onyo hili linawahusu pia wale wanaoutafuta utu katika sarufi. Imezoeleka kusema kwamba Kiswahili humheshimu mtu hata pale kiambishi kinapomshusha: kipofu na kiziwi wana umbo la ngeli ya vitu, lakini tunasema "kipofu amefika", hatusemi "kipofu kimefika". Hoja hii inapendeza, na mwandishi wa makala hii amewahi kuitumia darasani. Lakini haifiki mbali. Tunasema pia "kiboko amefika" na "kifaru amefika". Upatanisho huo unatambua uhai, hautambui utu. Paulin Hountondji wa Benin alikuwa na sababu njema, katika miaka ya 1970, alipoikosoa etnofalsafa kwa kuchukua lugha na desturi za watu wote kama kwamba ni hoja zilizojengwa na mtu mwenye kuzitolea sababu.

Hoja za kweli zilikuja kutoka Afrika Magharibi. Mwaka 1984 Ifeanyi Menkiti, mwanafalsafa wa Nigeria, alidai kwamba katika fikra za Kiafrika mtu hazaliwi akiwa mtu kamili: jamii humlea hadi akaufikia utu, na inawezekana kabisa mtu akaishi na asiufikie. Kwame Gyekye wa Ghana alimjibu kwamba Menkiti amechanganya hadhi ya kuwa mtu na sifa ya kuwa mtu mwema. Jamii inaweza kuamua kama fulani ana sifa, lakini haiwezi kuamua kama fulani ni mtu. Wala Menkiti wala Gyekye hakuwa akizungumzia Kiswahili. Lakini ubishi wao ndio hasa ulio kati ya sentensi zetu mbili za utangulizi: "Yule hana utu" ni sentensi ya Menkiti, "Kila mtu ana utu wake" ni sentensi ya Gyekye. Katika makala hii tutaiita dhana ya kwanza utu wa mwenendo, na ya pili utu wa asili.

3.0 Ndugu wa neno na majirani zake

Mara nyingi huandikwa kwamba utu wa Kiswahili, ubuntu wa lugha za Kinguni, obuntu wa Kiganda na bumuntu wa Kiluba ni neno moja katika mavazi tofauti. Asili yao ni moja kweli, lakini ndugu wa tumbo moja hawalazimiki kufanana tabia.

Katika Kinyarwanda, ubuntu humaanisha zaidi ukarimu, na kitu kinachotolewa ku buntu ni kitu kinachotolewa bure. Kwa dhana ya utu kama sifa ya kuwa mtu, msemaji wa Kinyarwanda ana neno jingine, ubumuntu. Ndiyo maana tamasha la sanaa linalofanyika Kigali tangu mwaka 2015, lenye lengo la kuikabili historia ya ukatili kwa njia ya sanaa, linaitwa Ubumuntu. Tofauti hii si ya kisarufi tu. Ukarimu ni kitu ambacho mtu hutoa akitaka. Hauwezi kudaiwa mahakamani. Aliyeandika waraka wa kikanda akidhani kwamba neno ubuntu litasomeka Kigali kama linavyosomeka Johannesburg, ameahidi hisani mahali alipokusudia kuahidi haki. Kwa kejeli ya historia, mfumo wa kompyuta uliotolewa mwaka 2004 kwa jina la Ubuntu, ukiongozwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, unapatikana bila malipo. Msomaji wa Kigali angeweza kudhani kwamba jina hilo linataja bei yake.

Kiganda kinatupa mfano wa aina nyingine. Huko, neno la maadili ni obuntubulamu, na kivumishi chake -lamu humaanisha hai, yenye afya, zima. Sisi nasi tuna muundo unaofanana nao karibu neno kwa neno: utu uzima. Lakini tazama neno letu lilivyokwenda njia yake. Utu uzima kwa Kiswahili ni umri; ni hali ya mtu aliyekwisha kukua, anayetarajiwa kuwa na busara, kama isemavyo methali kwamba utu uzima ni dawa. Kwa Kiganda, utu ulio mzima ni mwenendo, na kijana anaweza kuwa nao kuliko mzee. Lugha zote mbili, hata hivyo, zimehifadhi wazo la utu kama kitu kinachokua, na methali "utu busara, ujinga hasara" inathibitisha kwamba utu wa mwenendo umekita mizizi katika Kiswahili kabla ya mikutano na maazimio yetu.

Ndani ya Kiswahili chenyewe, utu unaishi na majirani ambao hatupaswi kuwasahau. Ubinadamu, wenye asili ya Kiarabu na kumbukumbu ya Adamu, ndio uliopata kazi serikalini: tunasema haki za binadamu, misaada ya kibinadamu. Neno hilo pia lina upole wake. Mtu akikosea husamehewa kwa kuambiwa kwamba huo ni ubinadamu. Hakuna asemaye kwamba kukosea ni utu. Heshima na hadhi nazo hutumika pale ambapo lugha nyingine zina neno moja tu.

Lakini jirani mwenye mafunzo makubwa zaidi ni uungwana. Katika miji ya pwani, muungwana alikuwa kwanza mtu huru, asiye mtumwa. Uungwana ulikuwa cheo cha kuzaliwa, na maana yake ilitegemea kuwapo kwa watu walionyimwa cheo hicho. Zanzibar ilipofuta hadhi ya kisheria ya utumwa mwaka 1897, msingi huo wa neno ulianza kuporomoka, na leo mtu yeyote mwenye adabu anaweza kuitwa muungwana. Yaani uungwana umesafiri kutoka tabaka kwenda kwenye mwenendo. Utu, kama tutakavyoona, umeombwa na sheria usafiri kinyume chake: kutoka mwenendo kwenda kwenye hadhi, na safari hii hadhi ya watu wote.

4.0 Utu mbele ya sheria

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 ni ushahidi wa thamani kwa mtafiti wa istilahi hii, na sura yake ya haki za msingi, iliyoingizwa kwa marekebisho ya mwaka 1984, inaonesha neno likiwa katikati ya safari. Ibara ya 12(2) inataka utu wa kila mtu utambuliwe na kuthaminiwa. Kinachotambuliwa ni kile kilichokwisha kuwapo. Hapa utu ni wa asili bila shaka yoyote. Ibara ya 9(a), kwa upande wake, inautaja utu pamoja na haki "nyinginezo" za binadamu. Neno hilo dogo, nyinginezo, linaugeuza utu kuwa haki moja katika orodha ya haki, ilhali Ibara ya 12 inauona kuwa chimbuko la haki. Kisha tukifika Ibara ya 13(6)(d), inayomlinda mtu aliye chini ya ulinzi au anayetumikia adhabu, utu unatoweka na mahali pake panachukuliwa na heshima ya mtu.

Hatudai kwamba waandishi wa Katiba walikusudia tofauti. Huenda walitafuta tu neno linalosikika vizuri. Lakini msomaji makini hawezi kupuuza kwamba ni pale hasa panapohusu mahabusu na mfungwa ambapo neno utu halikutumika. Katika mazungumzo ya kawaida, mfungwa ndiye anayeambiwa kwamba hana utu. Je, kalamu ilisita? Kama ilisita, basi utu wa mwenendo uliingia kimyakimya mahali ambapo utu wa asili ulihitajika zaidi.

Swali hili lilifika mahakamani katika sura yake iliyo kali zaidi. Mwaka 1994, Mahakama Kuu ya Tanzania huko Dodoma, mbele ya Jaji James Mwalusanya, iliamua kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili na ya kudhalilisha, na kwamba inakwenda kinyume cha Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba adhabu hiyo kwa asili yake ni ya kikatili na inadhalilisha, lakini ikaona kwamba inaokolewa na Ibara ya 30(2), inayoruhusu sheria kuwekea haki mipaka kwa maslahi ya umma. Mwaka huo huo, mwezi Juni, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini katika kesi ya Makwanyane iliifuta adhabu ya kifo, na baadhi ya majaji, akiwamo Yvonne Mokgoro, walitumia dhana ya ubuntu katika hoja zao. Neno hilo lilikuwamo katika katiba ya mpito ya mwaka 1993. Katika katiba ya kudumu ya mwaka 1996 halimo.

Tukiziweka hukumu hizi bega kwa bega, tunaona jambo la ajabu. Majaji wa Afrika Kusini walichukua neno ambalo katika matumizi ya kila siku husifu mwenendo, wakalitumia kumlinda mtu ambaye mwenendo wake ndio uliokuwa umemfikisha kizimbani. Walisema, kwa maana halisi, kwamba muuaji naye ana utu hata kama hakuuonesha. Hilo ni badiliko kubwa la maana, na lilifanyika bila neno kubadilika umbo. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, kwa upande mwingine, ilikiri udhalilishaji na bado ikauruhusu. Tunadai kwamba hatua hiyo ni nyepesi zaidi pale ambapo utu ni kipengele katika orodha ya haki zinazoweza kuwekewa mipaka, na ni nzito zaidi pale ambapo utu ndio sababu ya kuwapo kwa orodha yenyewe. Neno lisiloamuliwa linaacha uzito huo ukiwa haujaamuliwa pia.

Sheria inatuonesha upande wa pili wa sarafu. Katika tafsiri ya sheria zetu nyingi, neno mtu hujumuisha kampuni na shirika. Kampuni inaweza kushtaki, kushtakiwa na kumiliki ardhi; ni mtu. Lakini hakuna anayesema kwamba ina utu. Kwa hiyo sheria imezoea kumtenga mtu na utu pale inapopenda. Ingekuwa ajabu ikiweza kumpa umtu asiyekuwa na damu, na ikasita kuutambua utu wa mwenye damu kwa sababu amekosa.

5.0 Utu katika fasihi

Fasihi ya Kiswahili imeutendea utu wa mwenendo kwa upendo mkubwa. Shaaban Robert, katika Utubora Mkulima, kitabu kilichochapishwa mwaka 1968 baada ya kifo chake, hakutosheka kumpa mhusika wake tabia njema. Alimpa jina lililo hukumu tayari. Utubora anaacha kazi ya mshahara na kurudi kwenye jembe, na thamani yake inapimwa kwa jasho, kiasi na wema kwa majirani. Utu hapa una kulinganishwa ndani yake: kama kuna utu bora, kuna utu duni. Msomaji anaalikwa kupanda ngazi.

Lakini Shaaban Robert huyo huyo, katika Kusadikika ya mwaka 1951, anaijua hatari ya ngazi hiyo. Karama anasimama mbele ya mfalme akishtakiwa kwa kutaka kuwafundisha watu sheria, na utetezi wake ni visa vya wajumbe waliotumwa, wakarudi na mawazo mema, wakatupwa gerezani. Katika nchi hiyo, wenye mamlaka ndio wanaoamua nani ni mwema. Anayesema wasiyopenda kusikia hupoteza uhuru wake, na sababu inayotolewa daima ni ya kimaadili. Karama haombi asamehewe kwa kuwa yeye ni mtu bora, anadai asikilizwe. Tofauti kati ya riwaya hizi mbili ni tofauti kati ya utu unaosifiwa na utu unaodaiwa.

Euphrase Kezilahabi anaupeleka ubishi huu nyumbani. Katika Rosa Mistika ya mwaka 1971, Rosa analelewa kwa ukali uliokusudiwa kumfanya mwenye mwenendo mwema, na ukali huo ndio unaomwacha bila ngao duniani. Anapokosea, jamii ina hukumu tayari kwa ajili yake, huku wanaume walioshiriki makosa hayo wakiendelea na maisha yao. Wahakiki wengi wameisoma riwaya hii kama funzo la malezi, na wengine waliiona kuwa inapotosha vijana. Tunapendekeza isomwe kama uhakiki wa istilahi yetu. Neno utu, likibaki mikononi mwa jamii peke yake, halipimi wote kwa kipimo kimoja. Humpima msichana kwa mwili wake na mwanamume kwa mfuko wake. Mwandishi wa makala hii hajui hoja ya kifalsafa inayomjibu Menkiti kwa nguvu kuliko kifo cha Rosa.

6.0 Utu katika sera na lugha ya umma

Katika sera, utu wa mwenendo hujitokeza kwa sura ya wito: wahudumu wa afya wahudumie kwa utu, askari watekeleze majukumu kwa utu. Wito huo ni mwema, lakini una kasoro ya kimuundo. Unauweka utu kwa anayetoa huduma. Mgonjwa anasubiri kuona kama muuguzi wa leo anao. Ikiwa utu ungewekwa kwa mgonjwa, kama Ibara ya 12(2) inavyofanya, muuguzi angekuwa na wajibu badala ya fursa ya kuonesha wema wake.

Afrika Kusini inatupa funzo jingine. Katiba ya mpito ilitaja ubuntu kama njia ya kuvuka chuki, na mwaka 1996 Mahakama ya Katiba ilikubali msamaha uliowazuia waathirika kuwashtaki waliowatesa. Pengine amani isingepatikana kwa njia nyingine. Hatuna nia ya kuwahukumu waliobeba mzigo huo. Lakini inafaa kuona kwamba utu ulidaiwa kwa nguvu zaidi kutoka kwa waliotendewa ubaya. Aliyepoteza mtoto aliombwa aoneshe ubuntu. Aliyemuua aliombwa aseme ukweli. Utu wa mwenendo una tabia hii: humlemea mpole.

Na kuna funzo zito kuliko yote, lililo karibu nasi zaidi. Kabla ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda mwaka 1994 na wakati wake, redio ya RTLM iliwaita watu inyenzi, yaani mende. Kazi ya neno hilo ilikuwa kuwaondoa watu katika kundi la watu kabla ya kuwaondoa duniani. Utu unaotolewa na jamii unaweza kunyang'anywa na jamii. Unatosha kwa siku za amani, lakini siku jamii yenyewe inapopotoka hauna pa kusimama. Hii ndiyo sababu makala hii haiwezi kuridhika na jibu kwamba maana mbili zinaweza kuishi pamoja bila mpangilio.

Lugha ya umma inaweza kubadilika kwa faida. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 ilimtanguliza mtu katika jina lake, baada ya miaka mingi ya vilema na walemavu. Badiliko hilo halikujenga njia panda ya viti vya magurudumu hata moja. Lakini liliamua neno gani litangulie, na kwa kufanya hivyo liliamua upande gani wa utu ni msingi.

7.0 Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza litasema kwamba utu wa asili ni wazo la kigeni lililovishwa kanzu, na kwamba utu halisi wa Mwafrika ni wa mwenendo: mtu ni watu. Tunajibu kwamba methali hiyo yenyewe haina upande. "Mtu ni watu" inaweza kusema kwamba bila kuishi vyema na watu hujawa mtu. Inaweza pia kusema kwamba popote alipo mtu, watu wana wajibu kwake. Aidha, Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa mwaka 1981, uliotungwa na Waafrika wenyewe, unaitambua katika kifungu chake cha 5 hadhi iliyomo ndani ya kila mwanadamu. Kuudai utu wa asili si kuazima. Ni kushikilia ahadi tuliyokwisha kuitoa.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Litasema kwamba utu wa asili ni mkavu. Haumfundishi mtoto kumpisha mzee, haumzuii tajiri kujifungia na mali yake, haumtii aibu kiongozi mla rushwa. Tunakubali. Jamii isiyoweza kusema "yule hana utu" imepoteza chombo muhimu cha kukemea. Kwa hiyo hatupendekezi utu wa mwenendo ufutwe. Tunapendekeza ujue mahali pake: utumike kuwakemea wenye nguvu na kuwalea vijana, lakini usitumike kamwe kama sharti la kupata matibabu, kusikilizwa na hakimu, kulishwa gerezani au kupewa hifadhi mpakani.

8.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba istilahi ya utu haina maana moja inayohama kutoka taaluma moja hadi nyingine. Ina maana mbili zinazoshindana ndani ya kila taaluma. Kwa watafiti, matokeo yake ni kwamba tafiti zinazolinganisha utu, ubuntu na obuntubulamu zianze kwa kuuliza kila neno linafanya kazi gani katika lugha yake, badala ya kuanza kwa kudai undugu wa mizizi. Kwa wafasiri wa nyaraka za kikanda, tunapendekeza utu lishikiliwe kama neno la msingi wa haki, pamoja na maelezo yake mwanzoni mwa waraka, na heshima iachiwe kazi ya kutaja namna utu huo unavyopaswa kutendewa. Kwa washauri wa sera, tunapendekeza kipimo chepesi: kila penye neno utu katika rasimu, iulizwe ni utu wa nani, na atabaki nao akikosea?

Swali hilo la mwisho ndilo linalotenganisha rasimu njema na rasimu nzuri kwa masikio tu. Mama aliyeibiwa akiba yake ana haki ya kusema kwamba mwizi yule hana utu. Hakimu atakayemsikiliza mwizi huyo kesho asubuhi hana haki hiyo.